Sauti Yangu Juu ya Uso wa Mdogo Wangu

Nilipouona mdomo wangu kwenye kompyuta ya mjukuu wangu, nilitaka kutapika. Siongezi chumvi. Chai niliyokuwa nimekunywa ilipanda mpaka kooni, nikaimeza tena, na ladha yake ikakaa na mimi mpaka jioni. Mdomo ulijaa kioo chote. Pua haikuwepo, macho hayakuwepo, kitambaa changu cha kichwa hakikuwepo. Ulikuwa mdomo tu, na meno yangu manne ya chini, na mate yanayovutika kati ya midomo kama utelezi wa bamia. Na kwenye kona ya mdomo, inzi. Inzi mkubwa kama kuku, anasugua mikono yake.

Mjukuu wangu, aliyekaa kando yangu, akasema, "Kaku, angalia vile inapendeza."

Huyu mjukuu ni binti wa mtoto wangu wa kwanza. Alisomea Lubumbashi kazi ya kutengeneza filamu. Nitasema mabaya mengi juu ya kazi yake humu, kwa hiyo niseme mapema kwamba yeye ndiye anayenikata kucha za miguu, maana mimi kuinama siwezi tena, na huwa hafanyi uso wa kinyaa. Kinyaa nilikiona mimi, siku hiyo ya kompyuta, na bado hakijaniisha.

Sisi ni watu wa Kasai. Baba yangu aliandikishwa akiwa kijana kuja kufanya kazi ya shaba, mama akamfuata kwa treni, na sisi wote tulizaliwa hapa Likasi katika nyumba za kambi. Mama alikuja na masufuria mawili na kichwani alikuja na kasala. Kwa asiyejua: kasala ni kumwita mtu kwa majina yake yote na sifa zake zote, yeye na baba yake na baba wa baba yake, mpaka yule aliyesimama mbele yako aonekane ana watu wengi nyuma yake. Kuna kasala ya furaha, ya harusi au ya mtoto aliyerudi na diploma. Kuna kasala ya kilio. Mwanzo zinafanana. Lakini ile ya kilio ina mwisho wake, maneno ya kumfunika mtu, na hayo mama alinionya nikiwa bado msichana: huyasemi ndani ya nyumba isiyo na maiti. Unayasema mbele ya maiti au juu ya kaburi lake, basi. Hata kuyaeleza tu, hata kwa lugha nyingine, ndani ya nyumba hapana. Ndiyo maana siyaandiki hapa. Naandika nikiwa mezani kwangu.

Shule nilisoma miaka mitatu. Mama alipojifungua mapacha waliniondoa ili nibebe mmoja, na yule niliyembeba ndiye mdogo wangu ninayemwandika humu. Mwenzake alikufa kabla ya kutambaa. Kwa hiyo kuandika naandika polepole, lakini kukumbuka sijashindwa. Majirani wa kambi niliyokulia nawakumbuka mlango kwa mlango, wake na waume na watoto, mpaka mbwa wao waliitwaje. Ila humu hutaona jina hata moja. Baada ya yaliyotokea sitaki tena kuacha jina la mtu mahali ambapo yeyote anaweza kulichukua akalibandike anapotaka.

Mume wangu alikuwa karani wa stesheni. Alipokufa niliita kasala yake siku mbili mfululizo mpaka sauti ikabaki kama ya chura. Mjukuu wangu alikuwepo, akalia sana, ingawa Kiluba, lugha ya kasala, hakijui. Watoto wetu wa hapa wanakua na Kiswahili na Kifaransa, na Kiluba wanakisikia siku za kilio. Mwaka ulipopita akaja kwangu, akaniambia, "Kaku, tunataka kufanya filme ya poezi."

"Filme ya poezi ni filme gani?"

"Ni filme yenye haina hadisi. Iko na maneno, iko na picha. Poezi na filme ni ndugu, Kaku. Yote mbili inaonyeshaka kitu bila kukieleza."

"Kama haielezi, sasa bantu batasikia nini?"

"Batasikia mu roho."

Hilo neno, kwamba mashairi na filamu ni ndugu, lilinipendeza, sitaficha. Tena nilifurahi kwamba mtu anataka kunitazama. Mwanamke aliyezaa tisa, magoti yamevimba, nani anamwambia kaa hapa kwenye mwanga tukuone? Nikakubali. Nikatoa sharti moja tu, kwamba kasala ya babu yake nitaisema juu ya kaburi lake, si mahali pengine. Sikueleza kwa nini. Nilidhani mtoto wa nyumba yetu anajua, kama anavyojua kutokanyaga mkeka kwa viatu. Yeye akaruka kwa furaha: "Ku makaburi! Itakuwa muzuri sana."

Siku ya kwenda nilivaa kikwembe changu kipya, kitenge cha bluu, na viatu vyangu vya misa. Mpiga picha alitoka Lubumbashi, mwanamume mwenye ndevu na suruali ya mifuko mingi. Alinizunguka akinitazama kama mtu anayenunua nyanya, anayetafuta upande uliooza. Kisha akasema kitu kwa Kifaransa, kwa haraka. Kifaransa cha soko nakijua. Alisema mimi ni msafi mno.

"Kaku," mjukuu akaniambia, "tosha kwanza bilatu."

"Nivitoshe juu ya nini? Hapa kuna miiba."

"Miguu mutupu inapendeza mu picha."

"Babu yako alinioa na bilatu. Alale pale chini anione leo miguu mutupu?"

Akacheka, akapiga magoti, akanivua viatu mwenyewe. Halafu akatoa kwenye mfuko kikwembe changu cha jikoni. Alikuwa amekichukua nyuma ya mlango bila kuniuliza. Kilinuka mboga ya sombe na mafuta ya mawese. Nikakivaa, nikijificha nyuma ya msalaba wa kaburi la watu wengine. Nilipotoka, yule mwenye ndevu akainama, akachota vumbi, akanimwagia miguuni, akalipaka kwa kiganja mpaka kwenye vifundo. Vumbi la makaburi. Wenye kujua makaburi ya hapa wanajua kwamba watu wamezikwa juu ya watu, na kwamba vumbi lile si udongo tu. Nilisimama nimepakwa watu miguuni.

Nilipoanza kuita, aliileta kamera karibu, karibu zaidi, mpaka nikaona jicho lake la kioo linafunguka na kufumba. Inzi akaja. Nikainua mkono.

"Mama, usimufukuze! Muache! Anapendeza!" akapaza sauti yule mwenye ndevu.

Nikamwacha. Nilimwita mume wangu na inzi mdomoni. Nilipofika kwa babu zake nilisahau kamera, nilisahau hata yule inzi, na nilipofika mwisho, kwenye maneno ya kufunika, sauti ilishuka yenyewe kama inavyoshuka siku zote. Nikamaliza. Nikafuta macho. Yule mwenye ndevu akasema, "Muzuri. Turudilie."

Kasala ya kilio hairudiliwi. Umekwisha kumfunika mtu. Unamfunua ili umfunike tena? Nilitazama kaburi, nikatazama mjukuu wangu, naye akanitazama kwa macho ya mtoto anayeomba sukari. Nikarudilia. Hilo ni fungu langu mimi mwenyewe katika uchafu ule, na simsingizii mtu.

Kesho yake alikuja nyumbani na daftari, nimweleze maana. Nilikuwa nasonga bukari. Nikamweleza yale matamu: kwamba babu yake namwita birika lisiloshuka motoni, kwa sababu mgeni akifika saa yoyote anapata cha moto, kwamba namwita mwenye kula amesimama, kwa sababu kiti alikuwa amempa mwingine. Akaandika, akafurahi. Akauliza, "Na haya majina mengi?"

"Majina ni majina. Hayageuzwi."

"Na hapa ku mwisho, pale sauti yako inashuka?"

Nilikuwa ndani ya nyumba. Mwiko mkononi, paa juu yangu, wajukuu wengine wawili wamelala chumbani. Nikamwambia, "Pale ni kumalizia tu."

"Kumalizia namna gani?"

"Kumalizia, mama. Sawa vile kufunga mulango."

Akaandika hivyo. Ningeweza kumshika mkono, tukatoka, tukarudi makaburini, nikamweleza kule. Magoti yalikuwa yananiuma, na bukari ilikuwa inaanza kushika chini. Nilikaa.

Baada yangu wakaenda Shituru, upande wa viwanda vya shaba, kwa mdogo wangu. Wa tumbo letu tumebaki wawili, yeye na mimi. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba tangu ndevu zinaota mpaka zilipokuwa nyeupe, na kifua chake sasa kinapiga filimbi akipanda hata ngazi mbili. Walimpiga picha amekaa mbele ya nyumba yake, jioni, hasemi kitu. Uso tu. Alifurahi kuliko harusi yake. Aliwaambia wote wa kambi, waliokuwa naye tanuruni na wajane wa waliokufa, kwamba Jumapili fulani baada ya misa ya pili ataonekana mkubwa kama ukuta kwenye sali, ule ukumbi wa parokia.

Sasa narudi kwenye kompyuta. Ilikuwa Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya hiyo Jumapili. Mjukuu alikuja kunionyesha mimi kwanza, kwa heshima. Baada ya mdomo ikaja treni. Ikaja milima ya takataka ya shaba, nyeusi. Sauti yangu ilikuwa inamwita mume wangu muda wote, ila ilikuwa imekatwa: nasikia baba yake, kisha honi ya treni, kisha nimeshafika kwa babu wa babu. Wawili wa katikati hawapo. Nilimwambia, "Umewaruka."

"Ilikuwa murefu, Kaku. Montaji inaombaka kukata."

Nilipoita birika, likaonyeshwa birika. La aluminiamu, limejaa masizi, la jirani fulani. Hapo kidogo nicheke kwa uchungu. Siku ya kilio niliposema birika, kila mtu uani alitoa la kwake kichwani: mmoja la mama yake, mwingine lile alilopewa siku ya kuolewa, na mimi letu la bluu lililomenyeka kwenye mpini. Watu mia, birika mia, na wote tulimwona mume wangu mmoja. Filamu ilileta birika moja, na mume wangu hayumo.

Halafu ukaja uso wa mdogo wangu.

Ulijaa kioo, na mikunjo yake yote, na lile kovu la cheche chini ya jicho. Alikuwa hai kabisa. Tundu za pua zilikuwa zinafunguka kwa kuvuta hewa. Na juu ya uso huo, sauti yangu ikaanza kushuka. Nikajua inaelekea wapi. Nikasema, "Zima." Mjukuu akadhani nimeguswa, akanishika bega. Maneno yote ya kufunika, mpaka la mwisho, yakapita juu ya mdogo wangu anayenitazama, ndani ya nyumba yangu. Alipofumba macho, maana alifumba kwa ajili ya jua, mimi ndipo nilipomaliza, na kioo kikawa cheusi.

Nilisimama nikaenda kwenye beseni nikanawa uso, mdomo na masikio.

"Kaku, kuna nini?"

"Twende inje."

Uani, chini ya jua, nikamwambia nusu, kwa kuzunguka, maana hata ua ni wa nyumba: kwamba sauti ile ni ya babu yake peke yake, na kwamba pale mwisho hapawekwi uso wa mtu anayepumua. Akanisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Lakini Kaku, ile njo metafori. Sauti haiombake ikuwe ya muntu ule ule. Tunaweka kitu kimoja juu ya kingine, bantu banaona cha tatu. Weye mwenyewe unasema Babu ni birika!"

"Birika haina masikio."

"Namna gani?"

"Nikisema birika, birika haitanisikia, haitarudi ku nyumba na woga. Ule iko na masikio. Ule ni mudogo yangu. Enda na metafori yako itafute ndugu yake, imufunike ule."

Akaanza kulia. Akasema vipande vyote vya filamu viko kwa mwenye ndevu, na mwenye ndevu amesafiri, na alichobaki nacho yeye ni hii iliyokwisha, haifunguki tena kurekebishwa. Na tangazo limeshasomwa kanisani. Nilimtazama analia, na hata machozi yake yalinichukiza siku hiyo. Mungu anisamehe.

Kwa hiyo nilipanda pikipiki, mimi na magoti yangu, nikaenda Shituru.

Mke wa mdogo wangu ndiye aliyenifungulia; yeye na mumewe huniita Yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, karibu. Hii muzee yako imekuwa sasa mukubwa ya bakubwa. Hii jaketi nimeipiga pasi mara tatu tangu asubuhi. Anasema ku ukuta watu bataona kila mukunjo."

Mdogo wangu akatoka amevaa lile koti la kahawia juu ya pajama. "Yaya! Umekuja kuomba kiti ya mbele? Imejaa. Labda nikuweke na bale ba ku dirisha."

"Toka inje, nikuambie kitu."

"Kitu gani yenye haiwezi kuingia mu nyumba?" Akaniona uso, akaacha mzaha. Tukavuka barabara mpaka kando ya reli, mahali pasipo pa mtu yeyote. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Alianza kucheka. Alicheka mpaka kifua kikampigia filimbi, nikamshika mgongo.

"Kasala ya shemeji yangu?"

"Ya shemeji yako."

"Na majina ya baba yake? Ya babu zake?"

"Yote. Yenye hawakukata."

"Na mwisho?"

"Na mwisho."

Akapangusa uso kwa kiganja, kutoka kipaji mpaka kidevu, kama mtu aliyepitia utando wa buibui. "Basi wamenizika na bantu wenye hawanijue," akasema.

"Usiende. Sema kifua inakuuma."

"Nisiende? Nimeita kambi yote, Yaya. Banione pale ku ukuta ninafunikwa, na kiti yangu mutupu? Njo batakuja hapa na mafungu ya kuni ya kilio." Akacheka tena, kidogo. Akatazama reli. "Na yangu mimi? Yangu utaniita siku gani?"

"Siku yako."

"Weye unanipita myaka munane. Siku yangu weye utakuwa wapi?"

Kuita kasala watoto wake hawajui, wangu hawajui, na mimi nilikuwa na miaka yote hii ya kumfundisha mtu na sikumfundisha. Kila aliyekaa kunisikiliza alisema ni ndefu. Nikifa mimi, mdogo wangu atakwenda chini na jina moja, lile la kitambulisho.

Jumapili sali ilijaa. Walikuwa wamefunika madirisha kwa blanketi, joto kama ndani ya chungu, jasho la koti na marashi ya misa yamechanganyika, na jenereta nje inatupa moshi wake mlangoni. Mdogo wangu alikaa mbele, nami nikakaa kushoto kwake, upande wa sikio lake linalosikia. La kulia tanuru lilishalila. Mdomo wangu ulipotokea kwenye shuka ukutani, sali yote ikasema "Eeh!" na mtoto mmoja akapiga kelele. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Angalia ile inzi!" Watu wakacheka. Walinicheka mdomo, na mimi nimekaa pale na mdomo huo huo, nimeufumba.

Ilipopita treni, niliinama nikashika sikio la mdogo wangu kwa mkono, nikaweka midomo yangu pale pale, nikaanza kumwita. Kasala yake, ya furaha, isiyo na mwisho ule. Nilianza na baba yetu. Nikamwita pacha aliyebaki kukaa mahali pa wawili. Nikamwita mwenye mikono inayoulizwa na moto kabla ya kuwaka. Uso wake ukatokea ukutani. Na ile sauti yangu nyingine ikatoka kwenye spika, kubwa, imenizidi nguvu, inamwita mume wangu.

Sijawahi kupigana na mtu kama nilivyopigana na mimi mwenyewe siku ile. Ule ni wimbo ninaoujua kuliko kitu chochote, ulinivuta. Mahali pa kumwita babu yetu, ulimi ulishaanza jina la baba wa mume wangu, nusu yake imeshatoka, ndani ya sikio la mdogo wangu. Nikaling'ata. Nikarudi kwa baba yetu, nikaanza upya, haraka, nikimbana sikio mpaka kucha zikaingia. Yeye akasema, "Endelea," bila kugeuka, macho yake kwenye shuka.

Nyuma mtu akanigusa bega. "Mama, nyamaza kidogo, tusikie poezi."

Mwingine akawasha taa ya simu, akatumulika, akatupiga picha: mwanamke mzee amemshika mwanamume mzee sikio. Kisha simu ya pili, ya tatu. Nilisikia mwanga ule kwenye shavu kama mate ya mtu. Sikuacha. Spika ilifika mwisho, sauti ikashuka, uso ukutani ukafumba macho, shuka likawa jeusi, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimefika kwa babu wa baba yetu tu. Nikamalizia ndani ya makofi yao, na wa mwisho nilimwita tayari taa zimewaka na watu wanasimama.

Mjukuu wangu akaja mbio, macho yamelowa. "Kaku, ulikuwa unamuambia nini? Nimewaona toka kule nyuma. Ile njo ingekuwa mwisho ya filme! Tunaweza kuirudilia? Kesho, na mwanga muzuri?"

Nilitema mate chini, ndani ya sali ya parokia. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya watu maisha yangu yote. Kesho yake kweli tulikutana, ila si kwa kamera: nilimpeleka juu ya kaburi la babu yake, nikamsimamisha pale, nikamweleza neno kwa neno lile ambalo jikoni nililiita kumalizia tu. Akawa mweupe midomo. Akauliza, "Juu ya nini hukuniambia?" Nikasema, "Nilikuwa mu nyumba." Akataka kupiga simu pale pale, sehemu ile itolewe. Mwenye ndevu alimjibu kwamba sehemu ile ndiyo roho ya filamu, na kwamba ameshaipeleka kwa watu wa mbali walioipenda. Basi ipo. Iko kwenye simu za watu ambao sitawaona kamwe, na hao wanakaa kwenye viti vyao wanamfunika mdogo wangu kila wanapopenda, wanasema inapendeza.

Na mdogo wangu mwenyewe anayo. Hilo ndilo lililonishinda. Alimwomba mjukuu wangu amwekee kwenye simu, na anaitazama karibu kila siku. Nilipomkuta nayo mara ya kwanza nilimwambia aitupe chooni.

"Juu ya nini? Sauti ninaikata," akasema. "Angalia. Hakuna sauti. Ni mimi tu, niko muzima, nimepigwa picha muzuri. Kaa hapa. Niite."

"Nikuite juu ya ile takataka?"

"Juu yake. Ngoja, ngoja, niko nakuja. Haya, sasa."

Nilikataa siku hiyo, na nyingine. Kisha akaugua wiki mbili, na alipoinuka kitandani nikakubali. Sasa nikienda Shituru nakaa kando yake mbele ya nyumba, nageuza uso wangu upande wa sufuria za mke wake ili nisiione, yeye anaishika simu mbele yake kwa mikono miwili, na uso wake ukitokea ananigonga kwa kiwiko. Ninamwita. Mke wake ameanza kuleta kigoda na kukaa na sisi; mara moja nilimsikia midomo yake inanifuata kwenye jina la baba yetu, nikapunguza mwendo.

Picha yake ni fupi. Sijafika hata kwa babu, yeye ameshafumba macho, kioo kimekuwa cheusi.

"Rudisha," namwambia.

Anarudisha kwa kidole kile kisichosikia tena moto wala baridi, anakosea, anarudisha tena. "Ulinifikisha kwa nani?"

Namtajia.

"Bon," anasema. "Endelea toka pale."